Barua ya Wazi kwa Madiwani wa Ilemela: Mtoeni Kuku Mafichoni

Kwa Mstahiki Meya, Waheshimiwa Madiwani wa Halmashauri ya Manispaa ya Ilemela, na Mkurugenzi wa Manispaa,
Buswelu, Mwanza.



Naandika kuhusu kuku. Wapo watakaotabasamu kuliona neno hilo kwenye barua iliyoelekezwa kwa baraza lenye barabara, maji na madarasa mezani, na siwalaumu. Ila nyinyi mnaopita mitaani kuomba kura mnajua kwamba ugomvi wa majirani hauanzi na mambo makubwa. Kuanzia Kiseke PPF hadi kwenye viwanja vya miinukoni ambako nyumba zinaendelea kuota kati ya mawe, maoni ya watu juu ya kuku yamegawanyika pande mbili. Upande mmoja unasema: tulinunua kiwanja kilichopimwa, hatukununua zizi. Upande wa pili unajibu: uwanja wangu, kuku wangu, na mayai wanakula watoto wangu. Katikati ya pande hizo hakuna mstari ambao wote wanauona. Kila mtaa una sheria yake ya mdomo, na sheria ya mdomo siku zote humwelekea mwenye sauti kubwa au mwenye geti kubwa.

Manung'uniko yangu ni hayo, na barua hii haikusudii kukaa katikati. Nataka kuku wa nyumbani waruhusiwe waziwazi katika makazi ya watu, kwa idadi inayotajwa, kwa banda linalojulikana na kwa chanjo. Sidai kwamba kuku hana madhara. Anayo, na nitayataja. Ninachodai ni kwamba sehemu kubwa ya madhara hayo inatokana na kumfuga kwa kificho, na kwamba katazo, liwe la maandishi au la vitisho vya jirani, halimwondoi kuku mjini. Linamwingiza ndani ya nyumba.

1. Tuanze na kanuni. Nchi yetu haijawahi kuuona mji kama mahali pasipo na mfugo. Kanuni za Kilimo cha Mijini za 1992 zilimruhusu mkazi wa mji kufuga ng'ombe wasiozidi wanne, tena wa kulishiwa bandani. Sizitaji kwa sababu zinamaliza suala la kuku, nazitaja kwa mantiki yake: zilitaja mnyama, zikataja idadi, zikataja namna ya kumfuga. Ikiwa ng'ombe, mwenye kwato, mkojo na mlio wake, aliweza kupewa hesabu inayoeleweka, kuku atashindikanaje? Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288, inawapa nyinyi madiwani uwezo wa kutunga sheria ndogo. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003, ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 na ya Afya ya Jamii ya 2009 zipo pia, kila moja na eneo lake. Zote hizo ni za nchi nzima, na mkazi wa Kiseke hawezi kuzibeba kwapani akaenda nazo kwa jirani kusuluhisha mambo ya mtetea. Anachohitaji ni ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi unaosema: kwa kiwanja cha ukubwa huu kuku ni wangapi, banda likae wapi, ukikosea kitatokea nini.

Na anayesema kwamba kufuga mjini ni ushamba ulioletwa na wahamiaji wa juzi, historia haimuungi mkono. Serikali ilipotangaza Kilimo cha Kufa na Kupona mwaka 1974, baada ya ukame na upungufu wa chakula, wakazi wa miji nao walihimizwa kushika jembe. Miaka ya 1980, mshahara wa mtumishi ulipoishiwa nguvu kiasi cha kutofika katikati ya mwezi, mabanda ya kuku yalisimama nyuma ya nyumba za Dar es Salaam, zikiwemo nyumba za wakubwa. Neno "mradi" lilipata maana mpya wakati huo: ukiambiwa fulani ana mradi, ulijua ana kuku au ng'ombe uani. Hao ndio waliosomesha kizazi ambacho leo kinasema kuku wanashusha hadhi ya mtaa.

2. Kuku kumi si kuku mia tano. Kosa kubwa katika mjadala huu, kwa pande zote mbili, ni kuzungumzia "ufugaji wa kuku" kana kwamba ni kitu kimoja. Kuku wa mayai aliyekomaa huacha kinyesi kibichi cha takriban gramu 100 hadi 150 kwa siku. Zidisheni. Kuku 10 wanatoa kilo moja hadi moja na nusu, sawa na ndoo moja kwa wiki, na tuta la mchicha na migomba miwili inaimaliza kabla hamjasikia lolote. Kuku 500 wanatoa kilo 50 hadi 75 kila siku inayokuja kwa Mungu. Hilo ni gunia kwa siku, na hakuna bustani ya uani inayoweza kulimeza. Wa kwanza ni sehemu ya jiko, kama mafiga na kinu. Wa pili ni kiwanda, na kiwanda kina mahali pake. Mkiandika sheria inayowaweka wote kapu moja, mtakuwa mmemwadhibu wa kwanza na kumwacha wa pili, maana mwenye kuku 500 ana ukuta mrefu, ana stakabadhi, na faini kwake ni gharama ya biashara kama pumba na mashudu. Mama mwenye mitetea sita hana hata kimoja. Wahenga walikwisha kumsema huyu: kuku wa mkata hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, na akilea huchukuliwa na mwewe. Mgambo wa manispaa, wahenga hawakumtaja, nadhani kwa sababu hakuwapo.

Harufu nayo ipimwe kwa akili. Mtu akitaka kujua inakotoka, ainame mlangoni mwa banda, achote maranda kiganjani na kuyafinya. Yakipukutika kama vumbi, pua ya jirani iko salama. Yakishikamana donge na kuacha unyevu mkononi, basi ugomvi umeanzia hapo. Kinyesi cha kuku kina asidi ya yuriki, bakteria huivunjavunja penye maji, na kinachopanda kupita ukuta ni amonia. Mara nyingi chanzo ni chombo cha maji kinachovuja kona moja, au bati lenye tundu ambalo kiangazi halikusumbua mtu na mvua za Machi zikalifichua. Tiba yake haihitaji mtaalamu: chombo cha maji kiinuliwe usawa wa mgongo wa kuku wasikipindue wala kukikanyaga, maranda yageuzwe, yaliyoloa yatolewe, na pumba za mpunga zimwagwe juu, ambazo mkoa huu hauna uhaba nazo. Nasisitiza jambo hili dogo kwa sababu linawapa kipimo. Ofisa afya hahitaji chombo chochote kukagua banda. Anahitaji mkono wake. Sheria ndogo ikisema "maranda yawe makavu wakati wote", mfugaji, jirani na mkaguzi watakuwa wanazungumzia kitu kimoja wanachoweza kukishika.

3. Sasa hoja yenyewe: kuku wa kificho ndiye wa kuogopwa. Mfugaji anayehofia kushtakiwa hawezi kujenga banda la kuonekana, kwa hiyo kuku hulala jikoni, stoo, kwenye korido ya nyumba ya wapangaji, au chini ya kitanda. Wezi na vicheche nao wanamsukuma huko huko. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika vijiji vya Ethiopia, ukiangalia urefu wa watoto katika kaya zenye kuku na zisizo na kuku. Matokeo yake yanafaa kusomwa mara mbili. Watoto wa kaya zenye kuku walikuwa na afadhali ya ukuaji, lakini kaya zilizolaza kuku ndani ya nyumba ya watu zilionyesha mwelekeo wa kinyume. Kuku ni yuleyule, kijiji ni kilekile, tofauti ni mahali anapolala. Mtoto anayetambaa hutia mdomoni chochote kilichoko sakafuni, na kinyesi cha kuku kina vijidudu vya kuharisha visivyoonekana kwa macho. Ukuta mmoja kati ya kuku na mtoto unafanya kazi ambayo katazo haliwezi kuifanya. Anayetaka kuwalinda watoto wa Kiseke atake mabanda yajengwe uani, yaonekane.

Tuje kwenye chanjo. Adui wa kwanza wa kuku wetu ni mdondo, wengine wanauita kideri, ugonjwa unaoweza kumaliza banda zima lisilochanjwa ndani ya siku chache. Chanjo ya I-2, inayostahimili joto kuliko zile za zamani, inatengenezwa hapa hapa nchini, Kibaha. Kazi yenyewe ni nyepesi: kuku analazwa ubavu, jicho linaelekezwa juu, tone moja linaangushwa, unasubiri apepese, unamwachia. Baada ya miezi mitatu unarudia. Ugumu uko kwenye kichupa. Huja na dozi mia au mamia, na kikishafunguliwa hakitunziki. Mwenye kuku wanane atanunua kichupa cha kuku mia ili amwage kilichobaki? Hatanunua, na asiponunua, mdondo ukiingia kwake utaruka ukuta. Suluhisho ni majirani kuchanja pamoja, siku moja, mtaa mzima, kichupa kikatumika chote. Lakini hakuna atakayemleta kuku wake hadharani ikiwa kumleta ni kujishtaki. Juni 2025 kampeni ya taifa ya chanjo ya mifugo ilizinduliwa Bariadi, kwa majirani zetu wa Simiyu, na kuku wa asili wakaingizwa humo bila mfugaji kutozwa. Haiwezekani mkono mmoja wa umma uwe unamtafuta kuku kumtia tone jichoni, na mkono mwingine umfanye aonekane haramu.

Kuna tishio kubwa zaidi ya mdondo, na sisi wa ukanda wa ziwa tuna sababu ya kulichukulia kwa uzito. Januari 2017 Uganda ilithibitisha mafua makali ya ndege, virusi vya H5N8. Ndege pori wanaohama walikutwa wamekufa kwenye ghuba ya Lutembe, karibu na Entebbe, na kuku na bata wa kufugwa wakaguswa pia. Ndilo ziwa letu hili. Ndege wale hawajui mpaka wala hawapiti forodhani. Siku jambo kama hilo likitufikia, kinga ya kwanza atakuwa mfugaji mdogo anayeona kuku watatu wamekufa usiku mmoja na kumpigia simu ofisa mifugo wa kata kabla hajawachinja waliobaki akawauza. Atapiga simu ikiwa kuku wake wanatambulika. Ikiwa wamekatazwa, atawatupa korongoni gizani na kunyamaza. Tuliliona hilo kwa sura nyingine: tangu 2006 uingizaji wa vifaranga ulipozuiwa kwa hofu ya mafua hayohayo, vifaranga havikuacha kuvuka mpaka, vilijifunza kuvuka kwa siri, hadi Oktoba 2017 vifaranga 6,400 vilipokamatwa na kuteketezwa Namanga. Sisemi zuio la mpakani lilikuwa kosa. Nasema palipo na uhitaji, katazo huhamishia jambo gizani, na ugonjwa husafiri vizuri gizani.

4. Kuhusu lishe, sitazidisha chumvi, ingawa wenzangu wa upande huu hupenda kuzidisha. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Wapo wanaodaka utafiti wa Ecuador wa 2017, ambako udumavu ulipungua karibu nusu kwa watoto wachanga waliopewa yai moja kwa siku kwa miezi sita, wakatangaza kwamba yai ndilo jibu. Miaka miwili baadaye jaribio kama hilo lilichapishwa kutoka Malawi, wilaya ya Mangochi, na kule yai halikubadilisha urefu wa watoto. Moja ya maelezo ya watafiti ni kwamba wale walikuwa watoto wa kando ya ziwa, tayari wanakula samaki. Mtu wa Mwanza akisoma hapo atanyamaza kidogo, kwa sababu nasi ni watu wa dagaa. Kwa hiyo siwaambii kwamba kuku watamaliza udumavu Ilemela. Nawaambia kitu cha kawaida zaidi: mitetea kumi wa chotara wanaotaga mayai 180 kila mmoja kwa mwaka ni mayai 1,800, trei 60, wastani wa mayai matano kwa siku katika nyumba ambayo pengine ina watu watano. Yai hilo halisubiri mshahara, halisubiri sangara ashuke bei, na halitaki friji. Siku dagaa wanapoadimika, liko palepale chini ya kuku. Na chakula cha huyo kuku kwa sehemu ni mabaki ya jikoni ambayo vinginevyo yangekwenda kwenye jalala mnalolipia gari kulizoa, pamoja na vumbi la dagaa kutoka soko la Mwaloni Kirumba. (Wanaozidisha hilo vumbi wanajua wenyewe: yai linaanza kunuka samaki, na mteja harudi.)

5. Niwasikilize na waliokataa, maana hawajakosea kila mahali. Kuhusu jogoo wana haki. Mtu aliyetoka zamu ya usiku hospitalini au kiwandani hana sababu ya kuamshwa saa kumi alfajiri na saa ya mwenzake yenye mabawa. Kwenye viwanja vya ujazo mkubwa, ambako dirisha la mmoja linatazamana na banda la mwingine, jogoo asiwepo. Wafugaji watanikasirikia, lakini wengi wao hawajaambiwa kwamba mtetea hutaga bila jogoo. Yai lisilo na mbegu halianguliwi, basi, na hukaa muda mrefu zaidi bila kuharibika. Anayetaka vifaranga atanunua, au atapeleka mayai yenye mbegu kwa mwenye kitotoleshi. Kuhusu panya na nyoka wanaowafuata, wana haki nusu. Panya hafuati kuku, hufuata pumba, na pumba zikikaa kwenye pipa la bati lenye kifuniko, na vyombo vya chakula vikiondolewa jua linapozama, panya ataenda kwa jirani mwenye ndoo ya taka iliyo wazi. Kuhusu salmonela, vijidudu vya kuharisha, si hofu ya kutungwa. Marekani mwaka 2020 ilihesabu wagonjwa 1,722 waliopata maambukizi yaliyohusishwa na kuku na bata wa nyumbani. Mamlaka ya afya ya kule iliwaambia watu wanawe mikono kwa sabuni, wasiwaingize kuku ndani, na, jambo ambalo sisi hatukulifikiria, wasiwabusu vifaranga.

Hoja ya ziwa ndiyo inayonifanya nifikiri zaidi. Kiseke ni miinuko na mawe. Mvua ikinyesha maji hayazami, yanateremka, na yanabeba kila kilichoachwa uani. Naitrojeni na fosforasi zikifika ziwani ni karamu kwa gugumaji, mgeni ambaye tunaye tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 na hatujapata namna ya kumuaga. Mbolea ya kuku ina vyote viwili kwa wingi. Lakini rudini kwenye hesabu ya ndoo na gunia. Ndoo moja kwa wiki, ikirundikwa chini ya bati au turubai na kuchanganywa na majani makavu, haiendi popote hadi itakapofukiwa bustanini. Gunia la kila siku lisilo na pa kwenda ndilo litakalomwagwa mtaroni usiku wa mvua. Kwa hiyo hoja ya ziwa inadai ukomo wa idadi na lundo lililofunikwa. Haidai mitetea sita waondoke.

Inabaki hoja ya hadhi: kwamba mji wa kisasa hauna kuku. Kampala ilipitisha sheria ndogo za kilimo na mifugo ya mjini mwaka 2006. Nairobi ilitunga sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini mwaka 2015. New York, ambayo sidhani kama kuna diwani atakayeiita kijiji, inaruhusu mitetea na kukataza majogoo. Miji hiyo haikuruhusu kwa mapenzi ya mashambani. Iligundua kwamba watu wanafuga hata hivyo, na kwamba kinachohesabika husimamiwa. Ilemela ina watu zaidi ya 500,000 kwa sensa ya 2022. Kudhani kwamba watu wote hao watakula yai la dukani tu, tena la trei iliyosafiri, ni kujidanganya.

6. Basi ninayoyaomba ni haya, na nayaandika kwa namna inayoweza kuingia kwenye rasimu. Kwenye viwanja vya ujazo mkubwa kaya iruhusiwe kuku wasiozidi 15, bila jogoo. Kwenye viwanja vya ujazo wa kati na mdogo wasiozidi 30, na jogoo mmoja endapo majirani wa pande zote wameridhia kwa maandishi. Ngazi hiyo isitozwe hata shilingi, iwe kujiandikisha tu kwenye daftari la ofisi ya mtaa, jina na idadi, kwa sababu ada ndogo kuliko zote inatosha kumrudisha mama stoo na kuku wake. Mpangaji aandikishwe kwa ridhaa ya mwenye nyumba. Zaidi ya idadi hiyo hadi kuku 100, kiwepo kibali cha mwaka kinachotolewa baada ya ofisa mifugo na ofisa afya kufika na kufinya maranda kwa mikono yao. Zaidi ya 100 ni biashara, na hapo nina ombi kwenu wenyewe: msiwaambie wafugaji hao waondoke kabla hamjatenga eneo la wao kwenda, lenye maji na barabara, na muda usiopungua mwaka mmoja wa kuhama.

Banda liwe jengo la peke yake, mita tatu au zaidi kutoka ukuta wa jirani, na mbali na kisima. Kuku asizurure nje ya uzio. Methali inasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na huyu wa kwetu asionekane mgeni kwa watu wengine kila asubuhi. Lundo la mbolea lifunikwe. Kila miezi mitatu kuwe na siku ya chanjo ya mtaa, inayotangazwa misikitini, makanisani na kwa kipaza sauti, kichupa kikinunuliwa kwa mchango au kwa kampeni ya serikali inapopita, na siku hiyohiyo ofisa mifugo awaeleze watu ni siku ngapi mayai yasiliwe baada ya kuku kupewa dawa za antibayotiki, jambo ambalo wengi hulipuuza kwa kutojua. Kuhusu adhabu, ianze onyo la maandishi lenye siku 14 za kurekebisha, ifuate faini inayolingana na idadi ya kuku, na asichukuliwe kuku wa mtu yeyote bila karatasi yenye sababu na sahihi. Kuku hana namba ya usajili. Akishapakiwa kwenye gari bila karatasi, hakuna mwenye kujua kama aliishia kwenye ushahidi au kwenye sufuria.

Sura ya 288 inataka wananchi wapewe nafasi ya kusema kabla sheria ndogo haijaenda kwa Waziri. Naomba nafasi hiyo iwe ya kweli. Rasimu ibandikwe kwenye mbao za ofisi za kata na mitaa kwa Kiswahili ambacho muuza dagaa ataelewa, na mkutano wa kutoa maoni uitishwe Jumapili jioni. Ukiitishwa Jumanne saa nne asubuhi watahudhuria wastaafu na wenye magari, na wenye kuku watakuwa Kirumba sokoni. Waalikwe wasiotaka kuku pia, tena wakae mbele.

Na kama baraza linaona jambo hili ni zito mno kupitishwa kwa manispaa nzima kwa mara moja, lijaribuni kwenye kata moja kwa miezi kumi na miwili. Hesabuni vitu vitatu tu: malalamiko ya harufu na kelele yaliyofika ofisi ya mtaa, kuku waliochanjwa kila awamu, na kuku waliokufa. Kata ya Kiseke ina viwanja vya kila ujazo, ina miinuko inayoteremsha maji, na ina watu wa pande zote mbili wasiokubaliana. Daftari linaweza kufunguliwa hapa, kabla ya mvua za vuli.

Wenu katika kulijenga eneo letu,

Mkazi wa Kata ya Kiseke,
Ilemela, Mwanza.